Kempu ya Ndani au Moteli ya Nje

Ukitoka kwenye lile duka la Waafrika pale Brooklyn Park, Minnesota, linalouza unga wa ugali na mihogo iliyoganda, ukampita kinyozi, utafika kwenye nyumba ya mashine za kufulia. Nje yake kuna benchi refu la chuma, na juu ya benchi ukuta una tundu linalotema hewa ya moto kutoka kwenye mashine za kukaushia, hewa yenye harufu ya sabuni. Hiyo ndiyo siri ya kijiwe hiki kutokufa hata Oktoba inapoanza kung'ata masikio. Hakuna anayefika hapo kwa miguu. Kila mmoja huja na gari lake, akashuka na kikombe chake mkononi. Kahawa huletwa na Rodney, mtu wa Tanga, kwenye chupa kubwa, chungu na yenye tangawizi ya kukuwasha koo. Yeye wanamwita Kamusi, kwa sababu hawezi kusikia Kiswahili kikivunjwa akanyamaza. Muriuki ni Gavana: anaendesha lori, na kila jimbo alilolipita analizungumzia kama vile ndiye analitawala. Elisée, Mkongomani asiyevaa shati lisilopigwa pasi, ni Mosye, yaani bwana kwa Kifaransa chao. Na Jairus ni Dabo, kwa ajili ya dabo shifti alizozifanya tangu aingie nchi hii.

Jumamosi hiyo Dabo alichelewa. Alipokea kahawa yake, akaizungusha kikombeni, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

— Hebu niambieni. Ile bustani kubwa ya michezo kule Florida, ya watoto. Mtu akienda, alale kempu yao ya ndani, ama achukue moteli ya nje?

— Kempu? Muriuki akageuka mzima mzima. Kempu ya hema? Dabo, umeanza kulewa saa hizi?

— Kuna pa kupiga hema, kuna pa kuegesha zile nyumba za magurudumu, na kuna vibanda vya mbao vyenye vitanda. Uko ndani ya msitu wao. Boti inakuchukua hapo inakupeleka mpaka getini.

— Na bei?

Jairus akataja bei ya kibanda kwa usiku mmoja. Elisée akapiga mluzi.

— Buda! Muriuki akasema. Kwa hiyo doo unalala moteli karibu wiki nzima, na asubuhi unapewa mayai ya bure. Mimi Florida nimeipita na lori mpaka naijua harufu yake. Unachukua moteli kando ya hai-wei, una-drive kidogo, unapaki, umefika. Penye miti hapana wajenzi! Sasa wewe unataka kulipia miti?

— Methali hiyo haihusiani kabisa, Rodney akasema. Hiyo ni ya watu wenye mali wasiojua kuitumia.

— Si ndio hao wanaolala kempu?

Rodney akafikiri kidogo, akamwaga mashapo ya kahawa chini.

— Kupaki je? akasema. Ukilala nje, kila siku utalipia kuegesha gari pale getini. Ukilala ndani, hulipi. Halafu walalao ndani hufunguliwa mapema kuliko wengine. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo mwenyeji anapona kweli, Elisée akasema. Anapona na mfuko wako.

Wakacheka. Jairus naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo.

— Miye mniache niseme, Elisée akaendelea, akinyoosha mkunjo wa suruali. Utoto wangu wote nililala ndani ya kambi ya wakimbizi, kule Kigoma. Plastiki juu, udongo chini. Hakuna mtu alinilipisha hata senti. Sasa mtu anatoka Minnesota, ako na nyumba, ako na shofaje ya kupasha joto ndani ya nyumba, anapanda ndege anaenda kulipa ili alale kambini? Franchement! Wangeniambia zamani, ningewauzia nafasi yetu.

— Mosye ungekuwa tajiri, manze!

— Ningekuwa. Lakini ningewaambia pia habari ya mvua. Mvua ya usiku ikija, mama yangu alikuwa anakaa wima, anashika mti wa hema kwa mikono mbili mpaka kunakucha, juu ya sisi tusifunikwe na ile plastiki. Asubuhi vidole vilikuwa havifunguki. Tulikuwa tunamfungua kimoja kimoja. Hiyo mnaweka bei gani?

Kicheko kikakauka. Ndani, mashine moja ilimaliza kazi yake na kuanza kulia, na hakuna mwenyewe aliyekuja.

Ni Muriuki aliyeokoa kijiwe, maana kimya humuwasha kama upupu.

— Mnajua kwa nini kuna boti? akasema, akiinamia mbele. Hamjui. Boti inaenda polepole makusudi. Unafika ng'ambo njaa imekushika, watoto wanalia, unanunua mkate wa soseji kwa bei ya mbuzi. Hiyo boti ni mtego.

— Na harufu, Rodney akasema, naye kwa uso mkavu kabisa. Nimesikia wana mabomba yaliyofukiwa chini ya msitu. Jioni wanapuliza harufu ya nyama choma katikati ya miti.

— Nani alikuambia?

— Mtu aliyekwenda.

— Basi sikilizeni yangu. Wale ndege wanaolia asubuhi huko kempu si ndege. Ni spika. Wamechimba mti, wakaweka spika ndani. Ukilala kwa kibanda chako unasema oh, mazingira! Kumbe ni kaseti.

— Na mamba wa Florida je? Elisée akauliza.

— Wa betri.

— Mamba wa betri!

— Usiku wanawa-chaji! Muriuki akapiga paja lake. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Mamba hayuko nguoni, bwana wee, Rodney akalalamika, na hapo hata yeye akashindwa, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia viatu.

Jairus alingoja watulie.

— Mimi ninachouliza ni kitu kimoja, akasema. Mtu akiwa ndani ya bustani, achoke. Anaweza kurudi kibandani alale kidogo, halafu arudi tena? Bila kuharibia wengine siku?

— Achoke nani? Muriuki akauliza. Watoto hawachoki. Wewe umezoea dabo shifti, huchoki. Aaa! Ni mkeo, Velma. Velma ndiye amekutuma na hii mambo ya vibanda.

— Nimeuliza tu.

— Dabo, mimi ni ndugu yako, na ndugu hakufichi. Huyo mama amekukalia. Mwambie kitanda ni kitanda, kama ni kulala alale hapa Brooklyn Park. Mwanamke akianza kudai vibanda vya Florida, kesho atadai boti yenyewe!

Elisée alicheka. Rodney alitabasamu ndani ya kikombe chake. Jairus alikiangalia kile kikombe mkononi mwake na kuona kwamba mkono unataka kukirusha, kahawa na vyote, usoni mwa Muriuki. Akakiweka chini polepole.

— Nimesikia, akasema. Asanteni.

Akaenda kwenye gari lake, akafunga mlango, akakaa humo bila kuwasha.

Kile ambacho kijiwe hakikujua ni hiki. Velma, mke wa Jairus, alikuwa na saratani ya kongosho. Aliujua mwisho wake kuliko daktari alivyojua kuueleza, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee kule Golden Valley, na kwa miaka alikuwa amewaosha na kuwalaza watu waliokuwa safarini kwenda huko anakokwenda sasa. Siku ile walipotoka kwa daktari, kabla hata Jairus hajapata pumzi ya kulia, alimshika mkono pale kwenye maegesho akamwapisha. Asimwambie mtu. Wasiambiwe watu wa kanisa, wasije wakajaa sebuleni na sufuria na maombi. Isitengenezwe ile picha yake yenye maua pembeni, ikazungushwa kwenye simu za Wakenya wote wa Minnesota ikiomba msaada. Zaidi ya yote wasiambiwe watoto: Lynette, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameingia shule ya upili, na Timothy, mdogo wake, ambaye bado alikuwa akilala na taa. Wao waliambiwa mama ana mgongo.

— Wakijua, kila wakinitazama watakuwa wananiaga, Velma alisema. Mimi nataka wanitazame kawaida.

Kisha akaomba jambo moja. Kwa miaka mingi watoto walikuwa wakiahidiwa Florida, na kila mwaka kulikuwa na karo ya mtu nyumbani au matanga ya mtu. Akasema waende sasa. Na akasema walale ndani, kwenye vibanda vya ile kempu, ili akizidiwa arudi kitandani mara moja, na watoto wasikatishwe mchezo kwa ajili yake. Jairus alikuwa ameshakubali. Kwenda kijiweni kuuliza kulikuwa ni wazimu tu wa mtu anayetaka kusikia jambo lake likizungumzwa kwa sauti, hata kama wanaolizungumza hawajui ni lipi.

Basi pale pale garini alitoa simu, akalipia kibanda.

Walikwenda likizo ya Desemba. Siku ya kwanza Velma aliingia bustanini akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na kofia ya kijani ambayo Timothy alimchagulia, akacheka na kila mtu, akapigwa picha na watu waliovaa vichwa vya wanyama. Baada ya chakula cha mchana uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Walimrudisha kwa boti. Tangu hapo hakuvuka tena.

— Nenda nao, alimwambia Jairus kila asubuhi, akiwa amelala ubavu. Sikuja huku ili ukae unitazame. Nenda, uone wanavyofurahi, uje unieleze.

Jairus akaenda. Adhuhuri alikuwa akirudi na Timothy, na Timothy alikuwa akirukia kitandani na kumwaga hadithi zote kwa mama yake kwa mpigo mmoja, kwa Kiingereza, huku mama akimjibu kwa Kiswahili. Lynette hakurudi adhuhuri. Alikuwa na umri wa kuona foleni ya yale magari ya kupanda na kushuka ni bora kuliko kulala kibandani, na alikuwa amepata rafiki, msichana kutoka Ohio. Alikuwa anarudi jioni, amekauka sauti kwa kupiga kelele. Kwa nini asifurahi? Mama alikuwa na mgongo tu.

Februari Velma alilazwa hospitalini, na hakutoka tena. Watoto waliambiwa wakati tayari alikuwa hasemi. Timothy alilia kwa sauti mpaka wauguzi wakaja. Lynette hakulia. Alimtazama baba yake, akauliza kwa Kiingereza tangu lini, na alipojibiwa akageukia dirisha. Toka siku hiyo baba alikuwa akipata kwake ndiyo na hapana, basi.

Velma akafariki kabla theluji haijaanza kuyeyuka. Ile picha yenye maua pembeni ikatengenezwa, ikazungushwa kwenye simu zote, kwani mwili ulikuwa wa kupelekwa Kakamega na Jairus hakuwa na nguvu za kubishana na mtu. Muriuki alichanga mara mbili, na kwenye ibada ya kumuaga alisimama nyuma kabisa, hakukaribia.

Mwezi wa Aprili, Jumamosi moja, Jairus alirudi kijiweni. Hakuwa amepanga. Alikuwa akimpeleka Lynette kwa shangazi yake Dinah, kule Blaine, maana nyumbani msichana alikuwa hali chakula mezani na mtu. Akapita pale, akaona magari yao, usukani ukakata wenyewe. Lynette alibaki garini na vitu vyake vya kusikilizia muziki masikioni, kioo kikiwa wazi nusu.

Wote watatu walisimama. Rodney alimmiminia kahawa.

— Ndugu yangu, Muriuki akaanza. Ile siku. Yale maneno niliyosema ya mama...

— Hukujua.

— Sikujua. Lakini nilisema.

— Kaa, Gavana.

Wakakaa. Kwa muda walizungumzia barabara inayokarabatiwa, halafu lori la Muriuki, halafu wakaishiwa. Elisée ndiye aliyethubutu.

— Ile kempu, mon frère. Mlilala ndani?

— Tulilala ndani.

— Basi ilifaa! Muriuki akasema haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja mlango ufunguliwe. Ilifaa, kila senti. Mimi nilisema moteli kwa sababu nilikuwa mjinga. Hewa ya msitu ni dawa. Daktari gani atabisha? Ile hewa ilimwongezea siku, mimi nakuambia, labda miezi.

— Na utulivu, Rodney akasema. Motelini angesikia malori usiku kucha. Pale alipata kulala. Nina hakika alikuwa akilala usingizi mzuri, dirisha wazi.

— Na muziki! Muriuki akadakia. Si muziki wa bustani unafika mpaka huko? Alikuwa analala pale anasikia watoto wake wakicheka ng'ambo ya maji. Mama akisikia hivyo, maumivu yanaisha.

— Alikuwa anaomba, Elisée akasema kwa upole. Mama yangu alikuwa vile. Ukimwacha peke yake, anaomba. Alikuwa anawaombea, mmoja mmoja, kwa majina.

— Alikuwa na amani kabisa, Muriuki akaendelea, na sauti yake ilikuwa ikipanda. Namuona. Amekaa pale kwa varanda, amejifunika, anatabasamu. Anasema moyoni, sasa hata nikienda, nimewaona. Hajutii chochote. Maiti haulizwi sanda!

Neno likatoka, na Muriuki mwenyewe akalisikia. Akaziba mdomo kwa mkono. Safari hii Rodney hakumsahihisha.

Mlango wa gari ukafunguka.

Lynette alikuja akiwa ametoa vile vitu masikioni, amevishika kiganjani. Alikuwa mrefu kuliko walivyomkumbuka, na hajawahi kusimama mbele ya benchi lile hata siku moja. Jairus alidhani atamwambia wakati umekwenda, twende, kwa Kiingereza. Lakini alizungumza Kiswahili, kile cha kuokoteza, cha mtoto ambaye maisha yake yote amekisikia akakijibu kwa lugha nyingine, na akakizungumza kwao wote wanne.

— Mnajua aje?

Akawageukia mmoja mmoja.

— Mnasema alikuwa analala. Mnasema alikuwa anaomba. Nani aliona? Mum alikuwa anafanya nini kwa hiyo nyumba, peke yake, mimi nikiwa kwa rides?

Muriuki alitazama mikono yake. Elisée alivua kofia. Rodney akaifunga chupa ya kahawa.

— Sijui, mama, Jairus akasema.

— Ulikuwa unarudi mchana.

— Nilikuwa narudi. Nikirudi namkuta kitandani. Siku ya mwisho tu ndiyo sikumkuta kitandani. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, nje. Timothy alikuwa amenitangulia, alikuwa tayari amemkalia miguuni anamhadithia. Mama yako alikuwa amevaa viatu.

— Viatu gani?

— Vile vyeupe. Vya kazini.

— Amefunga?

— Amefunga kamba, zote mbili. Sikumuuliza kwa nini.

Lynette alizijua kamba hizo. Tangu vuli mama yake alikuwa hawezi kuinama, na kila asubuhi kabla ya basi la shule ni yeye aliyekuwa akipiga magoti kumfunga kamba za viatu, akilalamika kwamba anachelewa. Kule Florida, baada ya ile siku ya kwanza, hakumfunga tena, kwa kuwa mama alisema hahitaji viatu, haendi popote.

— Alikuwa anakuja? akauliza. Baba. Alikuwa anakuja kwetu?

Jairus akamtazama Rodney, akamtazama Elisée, akamtazama Muriuki, kana kwamba mmoja wao huenda alikuwa huko siku ile. Hakuna aliyekuwa huko.